Laini Ina Hitilafu

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya vijana wa mwaka wa mwisho wa fani ya umeme na mawasiliano, chuoni kwao. Baadhi yao waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, ila nimeruka mahali nilipokohoa na mahali umeme ulipokatika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu, wazazi mliotoka mbali, na nyie wanangu mnaomaliza mwaka huu, habari za asubuhi.

Mkuu wa Chuo alinipigia akaniambia, "Mama, njoo uwaambie vijana jambo kuhusu ujasiriamali." Nikamjibu kwamba mimi nina kuku kumi na saba na pensheni, ujasiriamali wangu unaishia hapo. Lakini nikakubali, kwa sababu kuna mtu mmoja, Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Econet, nimekuwa nikimfuatilia tangu nikiwa kazini, na kila nikianza kumsimulia nyumbani wajukuu wananyanyuka mmoja mmoja. Nyie leo mlango umefungwa, hamna pa kwenda.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Nilikuwa opereta. Siku hizi ukitaja opereta mtu anafikiria kampuni ya simu. Zamani opereta alikuwa binadamu, mara nyingi mwanamke, amekaa kwenye kiti kirefu mbele ya bodi yenye matundu mengi, hedifoni kichwani. Kitaa kikiwaka unachomeka plagi: "Namba tafadhali." Mtu anataka Mwanza. Unachukua waya wa pili, unamtafuta mwenzako wa Mwanza, mnasalimiana haraka haraka, unachomeka, wanaongea. Dakika tatu. Zikiisha unaingia katikati yao: "Muda umekwisha, unaongeza?" Vidole vyangu hivi viwili vimeota sugu mpaka leo, mliokaa mbele mnaiona.

Na kama kuunganisha hakuwezekani, kwa sababu yoyote ile, tulikuwa na sentensi moja tu. Laini ina hitilafu. Mvua imeangusha nguzo, laini ina hitilafu. Mwenzako wa upande wa pili kasinzia, laini ina hitilafu. Mteja hakuwa na la kuuliza zaidi ya hapo.

Kulikuwa pia na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, cha watu wanaoomba kufungiwa simu. Mzee mmoja mwenye duka aliandikishwa humo mwanawe wa kwanza akiwa anaanza shule. Mafundi walipokuja kusimika nguzo mbele ya duka lake, mtoto yule alikuwa ameshaoa. Mzee alichinja mbuzi. Hakulalamika hata kidogo, alishukuru. Sisi wote tulidhani hivyo ndivyo simu ilivyo, kama mvua, inakuja ikipenda.

Sasa twendeni Harare.

Strive Masiyiwa alizaliwa mwaka 1961, nchi yao ikiwa bado inaitwa Rhodesia. Alipokuwa na miaka saba wazazi wake waliihama wakatua Kitwe, Zambia, kwenye migodi ya shaba. Mama yake alikuwa mfanyabiashara hodari, na mtoto akapelekwa shule Scotland akiwa na miaka 12. Mwaka 1978 kijana akarudi Afrika na nia ya kuingia msituni kupigania uhuru. Mkubwa mmoja wa wapiganaji akamwambia vita vinaelekea mwisho, wanaotakiwa sasa ni watu wa kuja kuijenga nchi, arudi akasome. Akarudi. Mwaka 1983 akamaliza uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Wales, mwaka uliofuata akawa Zimbabwe, akaajiriwa na shirika lao la posta na simu, PTC. Yaani alianzia pale pale nilipoanzia mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliondoka mapema, akafungua kampuni ya ukandarasi wa umeme, Retrofit, ikawa inapata kazi nzuri, zikiwemo za serikali.

Mwaka 1993 akawaendea waajiri wake wa zamani na wazo: tuanzishe pamoja simu za mkononi. Wakamwambia simu za mkononi hazina soko Zimbabwe. Msicheke. Mwaka ule hata mimi ningemwambia hivyo hivyo. Akasema basi, niruhusuni nifanye peke yangu. Wakamjibu kwamba kwa sheria, PTC peke yake ndiyo yenye haki ya kutoa huduma ya simu nchini.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo kila anayemsimulia mtu huyu anapopita mbio. Mtasikia kwamba alikuwa king'ang'anizi, aliomba sana Mungu, akapigana miaka mitano, akashinda. Ni kweli yote hayo. Lakini ung'ang'anizi mtupu usingemfikisha popote. Wangapi wameng'ang'ania wakazikwa na mafaili yao? Ukienda mahakamani ukasema "nataka na mimi nifanye biashara ile", hakimu anafungua sheria, anakuonyesha kifungu, unarudi nyumbani. Sheria ilikuwa wazi, ukiritimba ulikuwa halali.

Wanasheria wake wakaiacha sheria ya simu wakapanda juu, kwenye Katiba. Kifungu cha 20 cha Katiba ya Zimbabwe ya wakati ule kilimpa kila mtu uhuru wa kutoa na kupokea mawazo na habari bila kuzuiwa. Basi wakauliza: dola ikijitwalia peke yake haki ya kutoa simu, halafu simu zenyewe isizitoe, watu wakakaa miaka wakingoja laini, huko si kuwaziba watu midomo? Wakaacha kuizungumzia simu kama bidhaa ya dukani, kama sukari au mabati. Simu ni mdomo na sikio. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Anthony Gubbay, ikakubaliana nao. Ukiritimba wa PTC ulivunja Katiba.

Niliposoma habari ile gazetini, gazeti lenyewe limeshafungiwa vitumbua, nilikaa chini. Nilikifikiria kile kitabu cheusi. Miaka yote nilikiona kama foleni. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba pengine ni orodha ya watu walioambiwa wanyamaze kwa adabu.

Mmedhani hadithi imeisha. Mwanzoni mwa 1996 Rais Mugabe akatumia madaraka yake ya dharura kutoa amri: atakayeendesha mtandao wa simu za mkononi bila leseni ya serikali, kifungo. Masiyiwa alikuwa ameshaanza kufunga mitambo. Ikabidi asimame. Serikali ikaitisha zabuni, na PTC nayo katikati ya hayo ikazindua mtandao wake wa mkononi, ule ule uliokuwa hauna soko. Econet ya Masiyiwa ikaikosa zabuni, ikachukuliwa na kampuni nyingine ya simu, Telecel, ambayo miongoni mwa wabia wake wa ndani alikuwemo mpwa wa Rais.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana Telecel yenyewe ina kisa. Mwanzilishi wake ni Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda aliyetajirikia Kinshasa. Katikati ya miaka ya 1980, sisi huku tunachomeka plagi, yeye alikuwa ameshawauzia wakubwa wa Mobutu simu za mkononi. Baadhi ya simu za kwanza za mkononi katika Afrika yetu hii zilililia kwa watu wanaojua Kiswahili, au angalau Lingala, na vitabu vingi vya ujasiriamali mnavyosoma havimtaji. Haya, turudi.

Masiyiwa akaenda tena mahakamani kupinga ile zabuni. Kazi za serikali zilikuwa zimeshamkimbia, Retrofit akaiuza. Ndani ya serikali mtu mmoja mzito alimtetea, Joshua Nkomo, Makamu wa Rais, mzee wa ukombozi. Lishikeni jina hilo. Mwishoni mwa 1997 leseni ikatoka, na tarehe 10 Julai 1998 mteja wa kwanza wa Econet akaunganishwa. Mwaka huo huo kampuni ikaingia Soko la Hisa la Zimbabwe.

Mwanafunzi wa biashara anapiga hesabu hapo: miaka mitano ya kesi, je, imelipa? Imelipa. Mimi ninachokitazama ni kingine. Mtu aliyeshinda kwa hoja ya midomo ya watu, alifanya nini baadaye na hiyo midomo?

Alifanya jambo moja la hatari. Mwaka 1999 lilianzishwa Harare gazeti binafsi la kila siku, Daily News, mhariri wake Geoffrey Nyarota. Likasomwa kuliko la serikali. Mtambo wake wa kuchapia ulilipuliwa kwa bomu usiku wa Januari 2001. Kampuni ya gazeti hilo ndiyo Masiyiwa aliyoingiza fedha mpaka akawa mwenye hisa mkubwa. Mfanyabiashara mwenye akili zake timamu hanunui gazeti la namna hiyo, tena akiwa na leseni ya simu inayoweza kufutwa kwa kalamu. Septemba 2003 gazeti likafungwa chini ya sheria mpya ya habari, polisi wakakaa ofisini. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini tangu mwaka 2000, akaishi Afrika Kusini, kisha London. Mtandao wake ulibaki unalia kila nyumba ya Zimbabwe, na yeye hayupo.

Ya biashara nitayapitia juu juu, mtayasoma wenyewe. Nigeria walishinda leseni mwaka 2001 kwa dola milioni 285, wakawasha mtandao, kisha wakagombana na wanahisa wenzao wakatolewa. Laini zile zikawa Vmobile, zikawa Celtel, zikawa Zain, mwisho Airtel. Nyie mnaokumbuka Celtel ya hapa kwetu mnaelewa namna jina la laini linavyobadilika nawe umelala. Kenya alipata leseni ya tatu, akazungushwa na mabishano miaka kadhaa, na mtandao ulipokuja kuwaka mwaka 2008 ulikuwa wa Wahindi wa Essar, ukaitwa yu, nao haukudumu. Burundi yupo. Na chini ya miguu yetu yumo vilevile: kampuni yake ya Liquid ndiyo iliyolaza mkongo kutoka Cape Town hadi Cairo, ikaichukua Raha ya Dar es Salaam, kwa hiyo huenda picha uliyoituma jana usiku, wewe unayejificha nyuma ya mwenzio, imepita kwenye waya wake.

Aliingia pia kwenye televisheni, Kwesé, akanunua haki za kuonyesha Kombe la Dunia la 2018 bure kwa nchi nyingi za Afrika. Mwaka uliofuata ikazimika. Watu wanamcheka kwa hilo. Mimi simcheki, ila ilikuwa biashara mbovu. Kupambana na ving'amuzi vikubwa ukiwa na fedha za kigeni zisizotoka Harare ni kuchota maji kwa pakacha.

Kuhusu kutoa. Mwaka 1996, mwaka ule ule wa amri ya kifungo, leseni hana, kampuni inayumba, yeye na mkewe Tsitsi walianzisha mfuko wa kusomesha yatima wakauita Capernaum, kwa jina la Kapernaumu ya kwenye Injili. Ukimwi ulikuwa unafyeka Zimbabwe. Kuna vijiji bibi alibaki na wajukuu tisa. Nimewahi kuuliza kwa nini mtu asiye na leseni anaanza kusomesha watoto wa watu, wenye dini wakanijibu kwa dini, wenye hesabu wakashindwa. Mfuko ukakua ukawa Higherlife, na wao wenyewe wanahesabu vijana zaidi ya 250,000 waliopita mikononi mwao katika miaka ishirini. Mwaka 2005 wakaanzisha ufadhili wa vijana wenye vipaji. Mnalikumbuka jina nililowaambia mlishike? Wakauita Joshua Nkomo. Mzee alikuwa ameshafariki miaka sita.

Halafu madaktari. Mwaka 2019 madaktari wa hospitali za umma Zimbabwe waligoma miezi, mshahara haununui hata nauli. Higherlife ikajitolea kuwalipa posho ya miezi sita warudi wodini. Mwanzoni walikataa. Mwaka mpya ulipoingia wakakubali. Mimi nilikuwa upande wa madaktari. Tajiri akilipa mishahara ya serikali, serikali inajifunza nini? Lakini mgonjwa aliyekuwa kitandani wiki ile hakuwa na nafasi ya kuniuliza mimi maoni yangu.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, Umoja wa Afrika ukamteua mjumbe maalumu. Nchi zetu zilikuwa zinagombania barakoa moja moja kwa bei ya kuruka. Yeye na wenzake wakafungua soko moja la mtandaoni ambako serikali zote za Afrika zinaagiza kwa pamoja vipimo na vifaa. Wakaja na mkataba wa chanjo za Johnson & Johnson, dozi milioni 220, na nafasi ya kuongeza milioni 180. Ilipojulikana kwamba chanjo zinazojazwa chupani Afrika Kusini zinapandishwa ndege kwenda Ulaya, alisimama akasema hadharani. Nilimtazama kwenye taarifa ya habari nikasema, huyu ni yule yule wa kifungu cha 20.

Sasa niwaambie upande ambao waandaaji wa siku ya leo pengine wangependa niuache.

Januari 2019 serikali ya Zimbabwe, Mugabe ameshaondoka, ilipandisha bei ya petroli zaidi ya mara mbili. Watu wakaingia barabarani. Intaneti ikazimika. Wateja wa Econet wakapata ujumbe mfupi wa kampuni, kwamba wamepokea agizo la maandishi la serikali wafunge huduma, kwamba jambo hilo liko nje ya uwezo wao, na kwamba wanaomba radhi. Wakuu wa kampuni walikuwa wanakabiliwa na kifungo wakikataa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilikuwa batili, limetolewa na waziri asiye na mamlaka nalo. Intaneti ikarudi. Waliopigwa risasi siku zile walikuwa wameshapigwa.

Kampuni iliyozaliwa kwa hukumu kwamba kumnyima mtu simu ni kumziba mdomo, ndiyo iliyobonyeza swichi. Nimelizungusha hili kichwani muda mrefu. Mwaka 1995 alikuwa na kampuni ya ukandarasi na wanasheria. Mwaka 2019 kulikuwa na maelfu ya wafanyakazi, mamilioni ya watu wanaotunza fedha zao za chakula ndani ya simu kwa EcoCash, na mameneja wenye watoto nyumbani. Kadiri unavyokuwa na vingi vya kupoteza, ndivyo watu wengi zaidi wanavyokushika shati.

Nilipofika hapo kijana mmoja wa nyuma hakungoja muda wa maswali. Akanyoosha mkono akauliza, "Mama, wewe ungezima?"

Nikamwambia akae, nitamjibu. Nikanywa maji kwanza.

Mwanangu, ilikuwa msimu wa mvua, zamu ya usiku, niko na miaka miwili tu kazini. Msimamizi aliingia na mtu ambaye hakujitambulisha na wala hatukumuuliza. Akasema namba ya nyumba fulani isiunganishwe, kutoka wala kuingia, mpaka tutakapoambiwa. Karatasi hakuonyesha. Sikujua mle ndani anakaa nani, na mpaka leo sijajua alifanya nini. Nilikuwa na mtoto mchanga na nyumba ya kupanga. Nilichomoa waya nikautundika kwenye ndoano yake.

Kwenye saa nane hivi kitaa cha hospitali kikawaka. Sauti ya mwanamke, anahema. Akaomba namba ile ile. Akasema ni nyumbani kwake, anataka kumwita mumewe aje, mtoto amezidiwa. Waya ulikuwa hapa, karibu na goti langu.

Nikamwambia laini ina hitilafu.

Akauliza, ajaribu tena baada ya muda gani? Nikamwambia nusu saa.

Alijaribu mara nne mpaka kulipokucha.